Mkono wa Marehemu

Ukimuuliza kijana wa Mailimoja pale Kibaha besi ni nini, atakuonyesha kitufe. Kipo kwenye redio, jirani na kile cha sauti. Akikizungusha kidogo tu, chupa za soda zinaanza kugongana kwenye kreti na mama lishe aliye mkabala anageuka kumtazama. “Besi inagonga,” atasema, na hajakosea. Muulize mwanakwaya, atakwambia besi ni wanaume wa mstari wa nyuma, walewale wanaochelewa mazoezi. Muulize mpigaji wa kanisani, atakuletea gitaa la nyuzi nne nene. Mpaka umpate mtu mzima aliyewahi kukaa Unguja ndipo atakumbuka kitu kingine kabisa: fidla inayomzidi mpigaji kimo, imesimamishwa nyuma ya udi na ganuni, na mtu ameikumbatia kana kwamba anaizuia isianguke.

Hiyo ndiyo dabo besi, na ndiyo aliyoipiga Stefano Scodanibbio. Mtaliano huyu alizaliwa mjini Macerata tarehe 18 Juni 1956 na kufariki Cuernavaca, Mexico, tarehe 8 Januari 2012, baada ya kuugua maradhi ya neva zinazoendesha misuli. Alikuwa na miaka 55. Wapigaji wenzake wa Ulaya na Marekani hawajaacha kumlilia, na namna wanavyomlilia ina jambo ambalo watu wa Kisarawe wangelitambua mara moja, hata kama jina lake halijawahi kufika kwao.

Kisarawe inajua kumzika mwanamuziki. Aprili 2014 ilimpokea Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki tarehe 13 ya mwezi huo na kwenda kulazwa Masaki, kijijini kwao. Gurumo alikuwa miongoni mwa walioianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Mwaka 1978 akawa na kina Mlimani Park. Akapita Orchestra Safari Sound. Kisha akarudi kwenye bendi yake ya awali, ambayo kwa kufuata mabadiliko ya jumuiya za wafanyakazi ilikuwa imeitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, na mwisho ikabaki na jina la Msondo Ngoma. Kumkumbuka mtu wa namna hiyo si kazi. Mwimbaji akifa, sauti yake tayari imo vinywani mwa watu. Dereva anaipiga mluzi, anayefua anaiimba bila kujua kwamba anaomboleza.

Mpiga besi je? Hakuna mtu anayeoga huku akiimba besi. Katika taarifa za misiba ya muziki wetu wa dansi mwimbaji hutajwa kwa jina, mpiga solo hutajwa kwa sifa, na mpiga besi huingia kwenye “na wengineo”. Hata kwenye taarabu ya Unguja, ambako vyama kama Ikhwani Safaa, cha tangu 1905, viliipa dabo besi nafasi ya kudumu, mpigaji husimama nyuma akidonoa nyuzi kwa vidole, na anayetuzwa noti ni mwimbaji. Taarabu ya kisasa ya Bara iliona hata kumsimamisha huyo ni gharama, ikaweka gitaa la besi na kinanda. Mtoto wa Kibaha anayetaka kuigusa dabo besi leo ni afadhali avuke maji: Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimewafundisha vijana wengi ala za taarabu.

Scodanibbio aliikataa nafasi ya nyuma. Hakuwa wa kwanza kuikataa. Karne moja kabla yake alikuwapo Mtaliano mwenzake, Giovanni Bottesini, fundi wa dabo besi na kiongozi wa okestra, ambaye tarehe 24 Desemba 1871 aliongoza onyesho la kwanza kabisa la opera ya Aida mjini Cairo. Sayyid Barghash alikuwa ndiyo kwanza ana mwaka mmoja kwenye kiti cha Unguja, na ni Misri hiyohiyo inayotajwa kila inaposimuliwa jinsi muziki wa taarabu ulivyoingia kwenye jumba lake. Wawili hao walitenganishwa na bahari tu. Lakini Bottesini aliifanya besi iimbe kama fidla ndogo, na watu wakashangilia kama wanavyomshangilia mtu mnene anayejua kucheza. Scodanibbio aliiuliza swali jingine: wewe mwenyewe una nini?

Jibu lake linaweza kuonjwa kwenye gitaa la besi la kanisani, kwa kuwa nyuzi zake nne hufungwa kwa sauti zilezile za dabo besi: mi, la, re, sol. Chukua uzi wa mi, ule mnene wa juu. Ukiupiga ukiwa wazi, unacheza mara 41 hivi kwa sekunde, na tumbo linasikia kabla ya sikio. Sasa weka ncha ya kidole juu ya uzi huo, sawasawa na kipande cha chuma cha kumi na mbili, katikati kabisa ya uzi. Usiukandamize. Uguse tu, kama unavyogusa paji la mtoto kupima homa. Piga, uondoe kidole. Inatoka sauti nyembamba, baridi, kama filimbi, na haifanani na mtu yeyote uliyemtarajia ndani ya uzi ule. Sogea mpaka cha saba, theluthi ya uzi: inatoka nyingine. Cha tano, robo: nyingine tena, juu zaidi. Hazikuongezwa na mtu. Zilikuwamo muda wote, chini ya ule mngurumo.

Wagogo hawahitaji kuelezwa hili. Wachunguzi wa muziki, Gerhard Kubik akiwa mmoja wao, wameonyesha kwamba uimbaji wa Kigogo umejengwa juu ya ngazi hizohizo za sauti zilizofichama ndani ya sauti moja, na yeyote aliyemsikia Hukwe Zawose, aliyefariki Bagamoyo, Pwani hiihii, tarehe 30 Desemba 2003, ameusikia mpangilio huo kooni na kwenye ilimba. Na wakazi wa Kisarawe wana mfano wao mwingine, usio wa muziki. Kwenye mahandaki ya zamani ya udongo mweupe, pembeni mwa msitu wa Pugu, popo hutoka jioni kwa maelfu, na mtu aliyesimama mlangoni husikia mbawa tu. Sauti wanazotumia kupishana gizani ziko juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Zipo, sisi ndio hatupo.

Scodanibbio alikuwapo. Alisomea besi kwa Fernando Grillo, naye mtu wa kuchokonoa ala hiyo mpaka iseme, halafu akatumia miaka zaidi ya thelathini kuchora ramani ya sauti hizo: ziko wapi juu ya uzi, zipi zinaweza kutoka pamoja, mkono wa kushoto unaweza kudonoa uzi gani wakati upinde uko kwenye uzi mwingine. Mwaka 1987 mjini Roma alisimama saa nne mfululizo na kupiga vipande 28 vya watunzi 25, vyote vya besi peke yake. Mwaka 1983 alikuwa ameanzisha kwao Macerata tamasha la muziki mpya, Rassegna di Nuova Musica, jambo la ushupavu katika mji usio mkubwa, sawa na mtu kuamua kwamba muziki wa kesho utasikilizwa kwanza Mlandizi, na Dar es Salaam isubiri.

Ukweli usemwe: si kila sikio litampenda. Anayemsikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani jirani anahamisha kabati. Kuna mikwaruzo, kuna kugonga ubao, kuna dakika nzima ambamo wimbo, kwa maana tuliyoizoea, haupo. Lakini atulie. Katika Alisei, kipande cha mwaka 1986, sauti nyembamba zinapandana na kupishana juu ya uzi kwa kasi kiasi kwamba mtu mmoja anasikika kama kundi. Jina lenyewe ni Kiitaliano cha pepo zinazovuma mwaka hata mwaka upande uleule, zile zilizosukuma mashua za tanga kuvuka bahari kuu. Kwa mtu wa Pwani hilo halihitaji tafsiri. Pepo hizo za kusini mashariki ndizo zinazotufikia zikiitwa kusi.

Kazi yake kubwa kuliko zote aliipa jina la Kiingereza, Voyage That Never Ends, safari isiyokwisha. Aliianza mwaka 1979 na kuifunga 1997. Kwa miaka mingi ilikuwa mkononi kuliko karatasini: aliipiga, akaibadilisha, akaipiga tena. Jina alilichukua kwa mwandishi Malcolm Lowry, aliyekusudia kuyaunganisha maandishi yake yote chini ya jina hilo, na ambaye riwaya yake maarufu, Under the Volcano, inatokea Cuernavaca, mji ambao humo ndani ameuita Quauhnahuac. Ndiko Scodanibbio alikokwenda kufia.

Sasa turudi kwenye mkono, maana ndiyo hoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Luigi Nono alikuwa akitunga Prometeo, kazi kubwa iliyosikika kwa mara ya kwanza Venice mwaka 1984. Alitaka wapiga nyuzi wautembeze upinde kwa namna aliyoiona kwa Scodanibbio: upinde hautulii mahali pamoja, unateleza kando ya uzi kutoka karibu na shingo kuelekea kwenye daraja la nyuzi na kurudi, na sauti inabadilika rangi njiani. Neno la kuagiza jambo hilo halikuwapo. Nono akaandika ndani ya nota kwamba upinde uende “kwa jinsi ya Stefano Scodanibbio”. Basi jina la mtu likawa agizo. Anayepiga Prometeo popote duniani anafika kwenye ukurasa huo na kuambiwa afanye kama fulani.

Jambo la aina hiyo lilitokea tena, kwa njia ya mzunguko. Mwaka 2002 Luciano Berio alimtungia mpiga chelo Rohan de Saram, mwenye asili ya Sri Lanka, kipande kiitwacho Sequenza XIV. De Saram alikuwa pia anajua ngoma ya Kandy, na Berio akataka midundo hiyo ya nyumbani iingie kwenye chelo, kwa vidole juu ya ubao wa ala. Berio alifariki mwaka 2003. Mwaka uliofuata Scodanibbio akatoa namna ya kipande hicho kwa ajili ya dabo besi. Tazama safari hiyo: ngoma ya kisiwa cha Bahari ya Hindi inaingia mwilini mwa chelo kupitia mkono wa Msri Lanka, inaandikwa na Mtaliano, na inahamia kwenye tumbo kubwa zaidi, lile la besi, ambako inarudi kuwa kitu kinachofanana na ngoma kweli.

Na hapo tumefika Kisarawe kwa miguu yetu wenyewe. Msondo, ngoma iliyoipa jina bendi ya Gurumo, ni gogo refu lililotobolewa, ngozi upande mmoja, na mpigaji huliweka kati ya miguu kama anayepanda. Katika unyago wa Kizaramo hiyo si ngoma ya kuchezewa. Mwali anapotolewa, msondo ndio unaosema. Kabla ya kuupiga huwashwa moto wa nyasi kavu. Ngozi inasogezwa, mtu anaigonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anaisogeza tena. Ikiwa baridi inasema “mbu”. Inapokauka sauti inapanda na kukaza, na kuna wakati mmoja, mfupi, ambapo mpigaji anatikisa kichwa na kuuondoa motoni. Anayejifunza hukaa hapo pembeni. Haambiwi ni sauti gani hiyo. Anaangalia kichwa cha mzee kinatikisika lini. Baadaye naye anatikisa kichwa chake wakati uleule, na hawezi kueleza kwa nini.

Elimu ya namna hii haina daftari. Kibaha kuna elimu ya namna nyingine: mwaka 1963 nchi za Nordiki na Tanganyika zilianza mradi wa shule, hospitali na kilimo pale Tumbi, na Januari 1970 mradi wote ukakabidhiwa Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Majengo hukabidhiwa kwa hati na sherehe. Mkono haukabidhiwi hivyo. Mkono unaigwa.

Ndiyo maana kwenye msiba wa Pwani mtu muhimu si lazima awe mtoa hotuba. Ni mtani. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakiteremka na pembe za ndovu kuja mwambao na kulazimika kupita kwa wenye nchi. Mtani anapofika msibani hali inabadilika. Wenyeji wamekaa kwenye mikeka, wanawake wamejifunika kanga, chai ya rangi inapita kwenye vikombe vya plastiki. Yeye anaingia amevaa kofia ya marehemu. Anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, mguu wa kulia ukiburuzwa kidogo. Anakohoa kikohozi chake. Anadai deni la marehemu kwa sauti ya marehemu, na mjane, ambaye tangu alfajiri hajanyanyua uso, anaangua kicheko kabla hajajua la kufanya nacho, kisha analia upya, kilio kingine, kilicholegea. Mtani anaweza kwenda mbali zaidi: kaburi likishachimbwa, anaruka ndani, analala chali na kukataa kutoka mpaka alipwe.

Mgeni huona utovu wa adabu. Mwenyeji anajua kwamba hakuna aliyemtazama marehemu kwa makini kuliko mtani. Huwezi kumwigiza mtu ambaye hukumwangalia. Kile kikohozi kilihitaji miaka.

Ukilinganisha na hayo, dakika moja ya kusimama kimya, ambayo ndiyo heshima ya kawaida kwenye kumbi za muziki, inaonekana kama uvivu. Mtu ametumia maisha kutafuta sauti, nawe unampa kimya! Wapiga dabo besi hawakuishia hapo. Walichofanya kwa Scodanibbio ni utani, ingawa hawana neno hilo: wamevaa kofia yake.

Kazi hiyo aliianzisha mwenyewe akiwa hai. Ugonjwa uliomshika ni ule unaonyang'anya misuli kidogo kidogo, na kwa mtu ambaye elimu yake yote imo kwenye vidole na kiwiko, hakuna haja ya kueleza maana yake. Wakati huo, pamoja na mpiga besi Daniele Roccato, alianzisha Ludus Gravis, kundi la dabo besi tupu. Akawatungia Ottetto, kazi ya besi nane, na ndani yake akapanga aliyoyavumbua tangu ujana: ule upinde unaoteleza, zile sauti za kugusa bila kukandamiza, kugonga, kukwaruza, kudonoa kwa mkono wa kushoto. Alichokuwa akikifanya mtu mmoja akakigawa kwa watu wanane, kama anayegawa urithi kabla ya siku yenyewe ili kusiwe na ugomvi.

Mwaka 2018 kampuni ya ECM ilitoa santuri iliyopewa jina la Alisei, Roccato na Ludus Gravis wakipiga. Alisei yenyewe ameipiga Roccato peke yake. Ottetto wameipiga wote. Anayesikiliza kwa spika ndogo za simu atakosa nusu ya mambo, maana kitu cha kwanza kupotea kwenye simu ni sauti za chini. Kile kitufe cha Mailimoja kingesaidia hapa. Ottetto inaanza, na kwa muda huwezi kuamini kwamba ni besi. Ni kama upepo kwenye minazi, halafu kama mlango mzito, halafu kama watu wengi wanaohema chumba kimoja. Mikono kumi na sita inafanya jambo ambalo lilikuwa la mikono miwili. Mahali fulani mmoja wa wanane anautelezesha upinde kutoka shingoni kuelekea darajani, polepole, kwa jinsi ya Stefano Scodanibbio.

Kisarawe, mtani akishalipwa, hutoka kaburini. Hujipangusa udongo magotini, huivua ile kofia na kumrudishia mjane, kisha huanza kuvitafuta viatu vyake mwenyewe kati ya viatu vya watu.